Taka za Mimea na Maji ya Rangi: Kutoka Thika hadi Garissa

Rangi inayotiwa kwenye nguo haiishii yote kwenye nguo. Pamba inapochovywa katika birika la kiwandani, sehemu ya rangi hushika uzi na sehemu hubaki majini. Rangi zinazotumika zaidi kwa pamba siku hizi ni rangi tendaji, zile zinazofungamana kikemia na nyuzi, na kwa rangi hizo kiasi kinachobaki kinaweza kuwa asilimia 10 hadi 50, kutegemea aina ya rangi na namna kazi inavyosimamiwa. Kilo moja ya kitambaa hutumia maji yanayofika au kupita lita 100 tangu kuoshwa hadi kusuuzwa mara ya mwisho. Maji hayo hutoka yakiwa na rangi, chumvi nyingi, magadi na sabuni, yakiwa bado ya moto, na mara nyingi mto ndio jirani wa karibu.

Jicho huona rangi majini hata ikiwa chini ya miligramu 1 kwa lita, ndiyo maana malalamiko ya wakazi huanza na rangi kabla hayajafika kwenye kemikali. Kero ya macho ndiyo iliyo ndogo. Maji yenye rangi huzuia mwanga kuifikia mimea iliyo chini ya mto. Zaidi ya nusu ya rangi za viwandani ni za kundi la azo, ambalo hupata rangi yake kutokana na atomi mbili za naitrojeni zilizoshikana. Zikizama kwenye tope lisilo na hewa, bakteria hukata kiungo hicho. Rangi hupotea, na mahali pake hubaki amini za aromatiki, ambazo baadhi yake husababisha saratani. Daktari Ludwig Rehn wa Frankfurt alieleza mwaka 1895 juu ya uvimbe wa kibofu miongoni mwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 2002, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku, katika nguo na bidhaa za ngozi zinazogusa mwili, rangi za azo zinazoweza kutoa amini 22 zilizoorodheshwa. Maji yaliyopoteza rangi, basi, si lazima yawe maji safi.

Kaskazini Mashariki ya Kenya, yaani kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, haina viwanda vikubwa vya nguo, na mtu anaweza kudhani suala hili haliihusu. Ramani ya mto inasema vingine. Mji wa Garissa unakunywa Mto Tana. Mto Thika, unaopokea Chania katika mji wa Thika, huingia kwenye Tana, na Thika ni mji wa viwanda vya nguo na vya ngozi tangu enzi za ukoloni na miaka ya mwanzo ya uhuru. Maji hayo hupita kwenye mabwawa matano ya umeme: Masinga, lililokamilika mwaka 1981 na ambalo ndilo kubwa kuliko yote, kisha Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Baada ya hapo huteremka kwenye nyika hadi Garissa. Anayechota maji pale Garissa haoni rangi ya kiwandani, anaona tope jekundu. Mabwawa yametuliza maji na mito mingine imeyazimua. Lakini mabwawa hayo yana tope lisilo na hewa katika sakafu yake, na hapo ndipo rangi za azo hugeuka kitu kisichoonekana. Kwa hiyo mkazi wa Garissa ana haki ya kuuliza nini kinafanyika Thika, kwa kuwa rangi ni rahisi zaidi kuondolewa ikiwa bado imekolea kwenye bomba la kiwanda kuliko ikishachanganyika na mto mzima.

Njia za kawaida za kusafisha maji taka zinashindwa na rangi. Madimbwi ya bakteria, yanayotegemewa na miji mingi ya Kenya, yameundwa kwa ajili ya uchafu unaooza, wakati rangi za nguo zimeundwa zisioze wala kupauka kwa jua na sabuni. Shabu hukamata baadhi ya rangi na kuacha tope jingi linalohitaji mahali pa kutupwa. Ozoni hufanya kazi vizuri na hula umeme. Kaboni amilifu, makaa yaliyochomwa na kutobolewa vinyweleo hadi gramu moja ikawa na eneo la ndani la mita za mraba 500 hadi 1,500, hunasa karibu kila rangi inayoyeyuka, lakini kwa kiwanda kidogo gharama yake ni mzigo. Pengo hilo la bei ndilo lililowaelekeza watafiti kwenye taka za mimea.

Wazo lenyewe si geni. Johann Lowitz, mkemia aliyefanya kazi Urusi, aligundua mwaka 1785 kwamba unga wa makaa unaondoa rangi katika vimiminika, na viwanda vya sukari vya Ulaya vikautumia ugunduzi wa namna hiyo katika karne iliyofuata kuing'arisha sukari. Mwaka 1976, V. J. P. Poots, G. McKay na J. J. Healy wa Belfast walichapisha majaribio ya kuondoa rangi ya asidi kwenye maji taka kwa kutumia mboji ya kinamasi na unga wa mbao, bila kuvigeuza makaa. Tangu hapo maganda ya mpunga, mabua ya miwa, vumbi la mbao, maganda ya ndizi, magunzi ya mahindi, makumbi ya nazi na mamia ya taka nyingine yamepitishwa kwenye jaribio lile lile. Jibu ni moja karibu kila mahali: taka za mimea hunasa rangi. Swali hilo limekwisha. Yaliyobaki, na ambayo mara nyingi huachwa nje ya makala za kisayansi, ni taka ipi kwa rangi ipi, kwa kiasi gani, katika maji ya namna gani, na kile kilichonaswa kiende wapi.

Unasaji hutegemea uso. Molekuli ya rangi haizami ndani ya ganda la mmea kama maji yanavyozama kwenye sponji. Hunata juu ya kuta za vinyweleo na kukaa hapo. Ukuta wa seli ya mmea umejengwa kwa selulosi, hemiselulosi na lignini, na juu yake kuna vikundi vya kaboksili na haidroksili. Katika maji ya kawaida vikundi vya kaboksili hupoteza haidrojeni na kuuacha uso ukiwa na chaji hasi. Hapa ndipo kazi yote inapoamuliwa. Rangi yenye chaji chanya huvutwa na uso huo kwa nguvu. Rangi yenye chaji hasi husukumwa mbali, na haitakaribia mpaka maji yatiwe asidi ya kutosha, pengine hadi pH 2, au ganda lenyewe libadilishwe kikemia ili lipate chaji chanya.

Jambo hilo lingekuwa la kawaida kama si tabia moja ya fani hii. Rangi inayotumiwa zaidi katika majaribio ni buluu ya methilini, iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza na Heinrich Caro mwaka 1876. Inapendwa kwa sababu nzuri: ni rahisi kupata, ni rahisi kupima, na hunasa vizuri. Ina chaji chanya. Rangi tendaji zinazotawala kwenye pamba, na rangi za asidi zinazotiwa kwenye sufu na ngozi, zina chaji hasi. Mtafiti anaweza kuthibitisha kwamba ganda fulani huondoa asilimia 95 ya buluu ya methilini, na ganda hilo hilo likaletwa kwenye maji halisi ya kiwanda cha pamba, yenye magadi ya pH 10 au 11 na chumvi ya makumi ya gramu kwa lita, likashindwa kabisa. Hakuna udanganyifu hapo, ila msomaji anayetaka kununua pampu na matangi anapaswa kutazama jina la rangi kabla ya kutazama asilimia.

Kipimo cha uwezo wa ganda ni miligramu za rangi ambazo gramu moja inaweza kushika. Hesabu hiyo hufanywa kwa mlinganyo wa Irving Langmuir wa mwaka 1918, unaochukulia kwamba uso una nafasi zenye idadi maalumu na kila nafasi hupokea molekuli moja, au ule wa Herbert Freundlich wa 1906, unaofaa zaidi kwa nyuso zisizo sawa. Maganda mabichi hushika makumi ya miligramu za buluu ya methilini kwa gramu. Kaboni amilifu iliyotengenezwa kwa mmea hupita 200 bila shida. Nambari hizo ni za juu kabisa, zinazopatikana maji yakiwa na rangi nyingi na muda wa kutosha. Maji yakishakaribia kuwa safi, ganda hushika pungufu ya hapo, na huo ndio mwisho wa kazi ambao sheria inaujali.

Katika nyika ya Garissa taka inayotajwa kwanza ni mathenge. Mti huu wa Marekani ya Kusini na ya Kati uliletwa Bamburi, karibu na Mombasa, mwaka 1973 kwa ajili ya kurudisha kijani kwenye machimbo, na katika miaka ya 1980 ukapandwa kando ya Tana, kwenye skimu za umwagiliaji za Bura na Hola, ili kuwapa wakulima kuni na kuzuia mchanga. Mifugo walikula maganda yake matamu na kuzisambaza mbegu kwa kinyesi. Leo vichaka vyake vinafunga njia za ngamia na kuvamia kingo za mto na mashamba, na miiba yake hutoboa kwato na magurudumu. Kwa mtazamo wa kemia ya maji mti huo una sifa nzuri: mbao zake ni nzito na zina lignini nyingi, huchomeka kuwa makaa magumu yasiyogeuka vumbi haraka, na unapatikana bila kupandwa. Nchini India, ambako mathenge umeenea vilevile, watafiti wametengeneza kaboni kutokana na magome na mbao zake na kuitumia kuondoa rangi majini.

Makaa ya kawaida ya tanuri la udongo hayafanyi kazi ya kaboni amilifu. Moto wa mchoma makaa hufika nyuzi 400 hadi 600, hutoa makaa yenye lami iliyoziba vinyweleo, na uso wake wa ndani ni mdogo. Ili vinyweleo vifunguke, makaa hupitishiwa mvuke wa maji kwenye nyuzi 800 hadi 900, au mbao hulowekwa asidi ya fosforiki kabla ya kuchomwa. Njia ya kwanza inahitaji tanuri la chuma linalostahimili joto hilo, na ya pili inahitaji asidi ya kununua na maji mengi ya kuosha, kitu ambacho Garissa hakipo cha kutapanya. Kando ya njia hizo mbili kuna ya tatu isiyovutia machapisho: kuchoma mathenge kwenye pipa la chuma lililozibwa vizuri, kuyaponda makaa hadi yalingane na chenga za mahindi, kuyaosha hadi maji yatoke meupe, na kukubali uwezo mdogo kwa gharama ndogo. Kwa kazi ndogo hilo linatosha.

Kuna hatari moja ya kusemwa waziwazi. Biashara ya makaa katika eneo hili imekwisha kula migunga mingi, na mchomaji hupendelea mgunga kuliko mathenge. Mradi wowote unaotangaza makaa ya kusafishia maji bila kuhakikisha mti uliokatwa utamaliza mti wa kivuli na lishe huku mathenge ukibaki. Kibali na ukaguzi wa shina kabla ya kuchomwa ni sehemu ya teknolojia hii kama lilivyo tanuri.

Mkoma, mnazi wa nyikani unaoota kando ya Tana, hutoa makuti kwa wasusi wa mikeka na vikapu, na matunda yenye kokwa ngumu kama pembe. Kokwa hizo, kama vifuu vya nazi vya Pwani, hutoa makaa magumu yenye vinyweleo vidogo. Mashamba ya kingo za mto huongeza mashina na maganda ya ndizi na kokwa za maembe wakati wa msimu. Mashina ya ndizi yana maji mengi mno na huoza kabla ya kukauka endapo yatarundikwa, ingawa jua la Garissa, mahali penye mvua ya takriban milimita 300 kwa mwaka, hufanya kazi ya kukausha ambayo kwingine hulipiwa. Maganda ya mpunga yapo juu zaidi ya mto, Mwea, kwa wingi usiokuwa na mnunuzi.

Magome ya migunga, ambayo wafugaji wameyatumia tangu zamani kulainisha na kutia rangi ngozi na vyombo vya maziwa, ni mfano mzuri wa tatizo lisilotarajiwa. Yana tanini, na tanini hunasa rangi na metali. Lakini yakitiwa mabichi kwenye maji hutoa rangi yake ya hudhurungi, na maji yaliyokuwa ya buluu hutoka yakiwa ya chai. Zaidi ya mwonekano, tanini hiyo huongeza kiasi cha oksijeni kinachohitajika kuvunja uchafu majini. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999 na kusimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ziliweka kikomo cha mahitaji ya kikemia ya oksijeni kuwa miligramu 50 kwa lita kwa maji yanayomwagwa kwenye mazingira, pH kati ya 6.5 na 8.5, na rangi isiyozidi vipimo 15 vya Hazen. Ganda bichi linaweza kufaulu kwenye rangi na kufeli kwenye oksijeni. Kipimo cha Hazen nacho kilibuniwa kwa ajili ya umanjano wa maji ya asili, na hakisomi vizuri wekundu au ubuluu wa rangi za nguo. Dawa ya tatizo la kuvuja ni kuosha maganda kwa maji ya moto, kuyafunga kwa asidi ya sitriki, au kuyachoma kabisa.

Mlonge unasimama peke yake katika orodha hii, kwa sababu chaji yake ni kinyume. Mbegu zake zina protini yenye chaji chanya katika maji ya kawaida, nayo hukamata chembe za udongo zenye chaji hasi na kuzizamisha. Wanawake wa Sudan waliitumia mbegu hiyo kung'arisha maji ya Mto Nile, na Samia Al Azharia Jahn aliichunguza na kuieneza tangu miaka ya 1970. Sifa hiyo hiyo huifanya ikamate rangi za asidi na baadhi ya rangi tendaji, zile zile zinazoyakimbia maganda. Mbegu ikishakamuliwa mafuta, mashudu yaliyobaki bado yana protini hiyo, kwa hiyo kinachotumika kweli ni taka. Eneo lenyewe ni nyumbani kwa jamaa wa mlonge: Moringa longituba na Moringa borziana huota Kaskazini Mashariki na nchi jirani, na Moringa arborea hujulikana kutoka sehemu ndogo sana karibu na Mandera. Huyo wa mwisho ni adimu mno kuguswa. Mlonge wa kawaida unaopandwa mashambani ndio wa kutumiwa. Kasoro yake ni kwamba protini inayobaki majini huoza, na maji yaliyotibiwa hivyo hayakai siku nyingi bila kunuka.

Ukiacha mto unaoshuka kutoka Thika, rangi zinazomwagwa ndani ya eneo lenyewe ni chache, lakini zinajulikana, na kila moja ina tabia yake. Ya kwanza ni ya maabara. Hospitali na zahanati zinazopima kifua kikuu kwa hadubini hutumia fuksini, kisha buluu ya methilini. Kipimo cha bakteria cha Gram hutumia kristali violeti, ile ile inayojulikana majumbani kama GV ya kupaka vidonda. Rangi hizi zote zina chaji chanya. Kwa maneno mengine, zile rangi zinazopendwa na watafiti na ambazo viwanda vya nguo vya pamba havizitumii sana, ndizo zinazoingia kwenye sinki la maabara ya kaunti. Hapa maganda na makaa ya mathenge yako mahali pake hasa. Kiasi ni lita chache kwa siku. Fuksini ya kifua kikuu huja na fenoli, sumu ambayo ganda bichi halifai kuikamata lakini makaa huishika, kwa hiyo makaa ndiyo ya kuchaguliwa. Chuo Kikuu cha Garissa, kilichoanza mwaka 2011 kama tawi la Chuo Kikuu cha Moi na kupata hati yake mwaka 2017, kina mahali pa kuanzia hapo. Moi yenyewe ilinunua kiwanda cha nguo cha Rivatex cha Eldoret mwaka 2007, na maji ya kiwanda cha kweli ni somo ambalo chupa ya buluu ya methilini haiwezi kulifundisha.

Ya pili ni ya batiki. Vikundi vya wanawake wanaofunga vitambaa na kuvichovya hutumia kwa kawaida unga wa rangi pamoja na kostiki soda na kemikali iitwayo haidro. Rangi za aina hii haziyeyuki majini zenyewe; haidro huzipa elektroni ili ziyeyuke na kuingia kwenye uzi, na kitambaa kikianikwa hewani rangi hurudi kuwa isiyoyeyuka. Watu wengi hukimbilia ganda la kunasa, na kwa rangi hii halihitajiki. Maji yaliyobaki yakimwagwa kwenye beseni pana na kukorogwa mara kwa mara hadi kesho yake, hewa huimaliza haidro, rangi hugeuka chembe na kuanza kutua. Mashudu ya mlonge husaidia chembe ndogo kushikana baada ya ukali wa kostiki kupunguzwa, na tabaka la mchanga na makaa humaliza. Tatizo kubwa ni kostiki yenyewe, ambayo huacha maji makali ya kuchoma mikono na kuua mizizi, na hakuna ganda linaloiondoa. Lazima ipatiwe asidi, au, kilicho bora, birika litumike tena: kuongeza haidro na rangi kidogo kwenye maji ya jana huokoa kostiki, rangi na fedha. Majivu hayasaidii, kwa kuwa nayo ni ya magadi.

Ngozi ni ya tatu. Garissa ina moja ya masoko makubwa ya mifugo katika Afrika Mashariki, na ngozi nyingi huondoka zikiwa zimetiwa chumvi au kukaushwa, zikasindikwe kwingine. Iwapo usindikaji utafanyika hapa, rangi zitakazotumika zitakuwa za asidi, zenye chaji hasi, zikiambatana na kromiamu. Kwa maji hayo maganda mabichi hayatoshi, na ni vizuri mpango wa kusafisha uwekwe kwenye michoro kabla ya ukuta wa kwanza kujengwa.

Maji ya eneo hili yana jambo jingine ambalo majaribio ya maji yaliyokenekwa hayalionyeshi. Kambi za wakimbizi za Dadaab na vijiji vingi hutegemea hifadhi ya chini ya ardhi ya Merti, yenye maji baridi katikati na maji ya chumvi pembezoni. Sodiamu, kalisi na magnesi za maji hayo zina chaji chanya kama fuksini, nazo hugombea nafasi zile zile kwenye ganda. Uwezo uliopimwa katika maji safi ya maabara unaweza kupungua sana katika maji ya kisima cha Wajir. Kwa hiyo kila jaribio la hapa lifanywe kwa maji ya hapa, na gharama ya kufanya hivyo ni jerikeni moja.

Ukubwa wa kazi hupimwa kwa hesabu rahisi. Pipa la lita 200 lenye miligramu 50 za rangi kwa kila lita lina gramu 10 za rangi. Makaa yanayoshika miligramu 20 kwa gramu yatahitajika nusu kilo. Hilo ni jambo la ndoo. Sasa chukua kiwanda cha mfano kinachomwaga mita za ujazo 500 kwa siku zenye miligramu 100 kwa lita: rangi ni kilo 50 kila siku, na hata ganda linaloshika miligramu 50 kwa gramu litahitajika tani nzima, kila siku, likaushwe, lisagwe, lipakiwe, litolewe likiwa limelowa na uzito wake umeongezeka. Kusafirisha mathenge kutoka Garissa hadi Thika kwa kazi hiyo hakuna maana. Thika ina taka zake karibu: maganda ya kahawa, na vifuu vya makadamia, ambavyo hutoa kaboni amilifu bora. Kinachofaa ni kila mahali kutumia taka yake, na kiwanda kikubwa kitumie ganda mwishoni tu, baada ya kupunguza rangi kwenye birika na kutumia tena maji ya chumvi, maana chumvi hupita kwenye maganda yote bila kuguswa.

Chujio la maabara au la kikundi linaweza kutengenezwa kwa ndoo ya lita 20 yenye bomba chini. Kokoto hutangulia, kisha mchanga wa mto uliooshwa, kisha makaa ya chenga kwa kina cha sentimita 25 hivi, na mchanga kidogo juu kuyazuia yasielee. Maji humiminwa polepole, na bomba hufunguliwa kwa kiasi cha kutiririsha uzi mwembamba, kwa kuwa rangi huhitaji dakika kadhaa kupenya kwenye vinyweleo. Wiki za mwanzo maji hutoka meupe. Kisha siku moja glasi iliyowekwa mbele ya karatasi nyeupe huonyesha kivuli cha zambarau. Hapo makaa ya juu yameshashiba na mstari wa rangi umefika chini. Kuendelea ni kumwaga rangi kwa njia ndefu zaidi. Yafaa glasi hiyo ipimwe kila siku na tarehe iandikwe, kwa sababu mabadiliko huwa ya ghafla. Nakuru, ambako vichujio vya makaa ya mifupa vimetumika kuondoa floraidi kwenye maji ya kunywa, uzoefu ni huo huo: kutengeneza chujio ni rahisi kuliko kujua siku ya kulibadilisha na kuwa na mtu wa kulibadilisha.

Makaa yaliyoshiba hayajaiharibu rangi, yameihamisha tu kutoka majini. Yakitupwa kwenye jaa, mvua ya masika huanza kuirudisha. Maganda mabichi yenye rangi yasipewe mbuzi wala kuchanganywa na mbolea, hata kama yanafanana na pumba. Kuosha kwa asidi au pombe ili yatumike tena kunawezekana, lakini huzaa maji mengine yenye rangi iliyokolea, na kwa bei ya makaa ya mathenge hakuna faida. Njia inayobaki ni moto mkali: kichomea taka cha hospitali, ambacho tayari hupokea taka za maabara, au tanuri la matofali kwa makaa ya batiki yasiyo na metali. Makaa yaliyonasa kromiamu yasichomwe, kwa kuwa moto unaweza kuigeuza kuwa ile ya aina yenye sumu zaidi. Hayo huhitaji shimo lililozibwa kwa simiti. Shimo hilo lichimbwe mbali na kingo. Mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya Aprili 2024 yaliipandisha Tana juu ya mashamba na nyumba za Garissa na kukata barabara, na alama za maji zilizobaki kwenye kuta ndizo kipimo cha haraka cha mahali ambapo shimo la aina hiyo halipaswi kuwapo.